Nilimuuza Wifi Yangu kwa Maharamia

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila naomba pia unisome ukiwa peke yako, maana najua hapo katikati utacheka, na mimi nimeshaaibika vya kutosha wiki hii.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwalimu wa chekechea, nafundisha watoto wa miaka minne, na hapo shuleni hata walimu wenzangu wameacha jina langu wananiita Mwalimu Pole, kwa sababu kutwa nzima kazi yangu ni hiyo, pole umeanguka, pole amekuuma, pole umevaa kiatu mguu usio wake, na nikirudi nyumbani naendelea, pole na safari, pole na kazi, basi hata mimi mwenyewe nilikuwa naamini kwamba niliumbwa bila nyongo.

Mume wangu ni mpima ardhi, anakaa huko wanakopima wiki mbili, anarudi nyumbani siku nne, anaondoka tena. Mwaka jana kazini kwao walipiga kura ya zawadi akashinda mashine ya gemu, ile ya kuchomeka kwenye tivii, akaileta akaiweka kabatini chini ya vitambaa vya meza akasema siku moja atajifunza, na siku hiyo haikufika. Niliyeitoa ni mimi, nilikuwa natafuta kitambaa, nikasema ngoja nione tu inawaka vipi.

Gemu yenyewe ni ya nchi ya kubuni, ina falme na misitu na bandari, na wewe unakuwa mtu mmoja unayezunguka humo, na kila unapokutana na mwenye shida gemu inakuuliza utafanya nini, inakupa majibu matatu, moja la wema, moja la kujipendelea, na moja la ubaya kabisa, na kadiri unavyochagua ndivyo watu wa nchi ile wanavyokupenda au kukukimbia. Nilianza na wema, ningeanza na nini kingine. Mshauri, nilichoka. Nilirudisha pete zilizopotea, nikabeba barua za watu, nikasuluhisha ndugu wawili waliogombea kisima, nikaona hapa nimetoka kazini nimeingia kazini, tofauti ni kwamba huku hawanipigii chafya usoni. Siku ya nne mchunga mbuzi mmoja akanisimamisha akaniuliza kama nimemwona mbuzi wake, na majibu yalikuwa nitamtafuta, utanipa nini, na nimemla. Sijui kidole changu kilipata wapi ujasiri, nikabonyeza nimemla. Yule mchunga mbuzi akanitazama akasema, lakini amepotea sasa hivi tu, hata moto hujawasha. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye zulia.

Tangu siku hiyo nikawa mbaya. Nilichoma maghala, nikageuza vibao vya njia panda ili wasafiri wapotee, nikamwambia bibi harusi mmoja kuwa bwana harusi amebadili nia, nikajitangaza malkia na kupiga marufuku watu kupiga mluzi, na ikifika saa kumi na mbili nazima mashine, naosha uso, nakata vitunguu, na moyo wangu ni mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Na la ajabu ni kwamba kesho yake darasani nilikuwa na subira kuliko zamani, hata yule mtoto anayemwaga rangi kila siku nilimtazama nikamwona mzuri.

Sasa kuna baba mkwe. Mama mkwe alifariki miezi kumi na minne iliyopita, na baba mkwe, ambaye ni hakimu mstaafu, alihamia kwetu na sanduku moja na redio. Ni mtu wa heshima mno. Alikuwa anakaa dirishani na gazeti, ukurasa uleule tangu asubuhi, na maneno yake kwa siku yalikuwa mawili, asante na imetosha. Kila alasiri alikwenda kutembea, na huo ndio ulikuwa wakati wangu wa ubaya. Siku moja mvua ikamrudisha mapema, sikumsikia, nilipogeuka alikuwa amesimama nyuma yangu na mwavuli unadondosha maji, na kwenye tivii nimeshika mwenge mbele ya kinu cha msaga unga.

"Huyo amekosa nini?" akaniuliza.

"Hajakosa kitu, baba."

"Sasa unamchomea nini?"

"Basi tu."

Akafunga mwavuli, akavuta kiti. "Basi tu si sababu. Mtu asomewe shtaka kwanza."

Mshauri, mimi nilidhani nimeumbuka, kumbe mzee alikuwa hapingi kuchomwa kwa kinu, alikuwa anapinga utaratibu. Tukamtafutia msaga unga shtaka, tukasema unga wake una mchanga, baba akauliza kuna ushahidi, nikasema hakuna, akasema basi tunamtia hatiani kwa kutokuwa na ushahidi, na hapo akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, miwani ikamteleza puani nikaidaka. Haikupita wiki rimoti ikawa mikononi mwake. Akanunua daftari akawa anaandika hukumu zake kwa mwandiko mzuri wa zamani, nakumbuka moja iliandikwa, mahakama imeitazama kofia ya mshtakiwa na haikuridhika nayo. Akaanza kumaliza chakula chake. Nikichelewa kutoka shuleni nilimkuta mlangoni, saa mkononi.

Dhambi yangu sasa. Gemu inakupa mwenzako wa kufuatana naye, mwanamke mnene wa gauni la bluu ambaye anatembea nyuma yako akikuonya, usipite huko, hujavaa vizuri, hujala, umekosea njia, na wanakuruhusu umpe jina. Nikaandika WIFI MKUBWA. Mshauri, wifi yangu si mtu mbaya, ni dada mkubwa wa mume wangu, muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume, msiba wa mama mkwe aliubeba yeye mabegani, na kila Jumamosi anakuja na kipimo chake kumpima baba presha. Ila wiki ileile ya msiba aliingia jikoni kwangu akapanga vyombo upya, sufuria za chini zikapanda juu, za juu zikashuka, chumvi sikuiona siku tatu, nami nikamwambia asante wifi, na mpaka leo napanda kigoda kuifikia sufuria yangu ndani ya nyumba yangu.

Alhamisi iliyopita tulifika bandarini, maharamia wakataka kumnunua huyo mwenzetu. Naapa nilisita. Lakini rimoti ilikuwa kwa baba, na baba jina lile alikuwa amelisoma wiki nzima, anajua ni nani. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha, akasema, "Mahakama imetafakari," akamuuza. Na akapiga makofi. Na mlango ukafunguliwa, wifi akaingia, zamu yake ilikuwa imebadilishwa.

Sijawahi kumwona mzee akienda kasi namna ile. Rimoti ikatua mapajani mwangu, gazeti likapanda usoni mwake, akalala. Nikabaki mimi na tivii, na kwenye tivii mwanamke wa gauni la bluu anafungwa kamba, na chini yake jina kwa herufi kubwa.

"Hilo jina ni la nani?" wifi akauliza.

"Ni waifai, wifi. Mtandao umekatika, mashine inatafuta waifai kubwa."

Alisoma tena, taratibu, kama anavyosoma karatasi za wagonjwa. "Waifai ingekuwa kubwa," akasema. "Hapo pameandikwa mkubwa. Mkubwa ni mtu."

Mshauri, mimi mwalimu, nimekamatwa kwenye ngeli.

"Na huo mtandao umevaa gauni?"

Hapo baba akakoroma, yeye ambaye hajawahi kukoroma tangu aje kwetu. Wifi akatoa kipimo chake, akampima hivyohivyo akiwa amejilaza, presha ikaja nzuri, akahamia mkono wa pili, ikaja nzuri tena, na nadhani hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Wakati anaondoka alinivuta pembeni akasema mashine hiyo itoke humu kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo anamchukua baba akakae kwake, na akasema, "Mtu anayefurahia watu kuuzwa ndiye anayelea watoto wa watu." Neno hilo limenikaa hapa kifuani. Mume wangu aliporudi Jumamosi nilimpa hadithi ileile ya mtandao, akaiamini, maskini, kisha dada yake akampigia simu akamwambia yote, na mume wangu hakunigombeza, alisema tu, "Mpe dada hiyo mashine, amani irudi," akaenda kuoga.

Tangu hapo sijaigusa. Baba amerudi dirishani na gazeti lake, haniangalii usoni, na mimi nikiwa darasani namfunga mtoto kamba za kiatu najiuliza, hivi huyu anafungwa viatu na nani. Kwa hiyo naomba uniambie, je, mimi ni mtu mbaya niliyejificha miaka yote, na je, niitoe mashine, na je, nimtaje baba kwamba ndiye aliyebonyeza, au nibebe peke yangu. Namba yangu nimeiandika nyuma ya karatasi. Ni mimi Mwalimu Pole.

*

Mwalimu Pole,

Nimecheka, tena niliambiwa nipunguze sauti na wenzangu ofisini. Sasa tukae sawa.

Swali la kwanza ni jepesi kuliko ulivyolibeba. Wewe si mtu mbaya. Hakuna mbuzi aliyeliwa. Mtu mbaya huwanyang'anya watoto rangi zao akiwa darasani kwake, na wewe darasani unaongeza subira. Kutwa nzima unagawa upole kwa watoto wa watu, lisaa limoja la alasiri unamchomea msaga unga kinu ambacho hakipo, unarudi ukiwa mzima. Ningekuwa na mtoto wa miaka minne ningemleta kwako kesho asubuhi, na ningemvalisha viatu vya kamba makusudi.

Lakini usinyanyuke bado, maana nina ugomvi na wewe, na haupo bandarini, upo jikoni. Miezi kumi na minne unapanda kigoda kwa sababu ya sufuria. Miezi kumi na minne unasema asante mahali ambapo ulitakiwa kusema, wifi, virudishe nilivyoviweka. Sentensi moja, Mwalimu. Ulishindwa kuisema, ikakuozea mdomoni, ukaja kuitema kwenye tivii kwa herufi kubwa mahali ambapo mwenyewe angeweza kuisoma. Kisha ukamdanganya yeye, ukamdanganya na mumeo kwa uongo uleule, kana kwamba ulipenda ulivyotoka. Mumeo anaishi kwa kupima mipaka ya watu. Anajua mtu anaposogeza jiwe. Hakukugombeza kwa sababu amechoka, usidhani hakuumia.

Na wifi yako umemwelewa vibaya. Unadhani alikasirikia gemu. Mtazame vizuri pale mlangoni. Huyo ni binti aliyemzika mama yake bila kupata nafasi ya kulia, kwa sababu alikuwa anahesabu viti na kupanga vyombo vyako. Kila Jumamosi anakuja kwa baba yake na kipimo mkononi maana hajui aje na nini kingine. Siku hiyo anafungua mlango anamkuta baba anapiga makofi. Furaha ipo humo ndani, tena siku za Alhamisi, na yeye hakuna aliyemwambia. Hata mimi ningempima mzee mikono yote miwili.

Nilitaka kujua mzee mwenyewe anasemaje, kwa hiyo Jumanne saa kumi nilipiga namba yako. Aliyepokea ni yeye.

"Mwalimu ametoka, ameacha simu hapa mezani. Nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha.

"Amenishtaki?"

"Hapana, baba. Anauliza kama ni halali kukutaja."

Nikamsikia akivuta kiti. "Mwanangu, nilikaa kwenye kile kiti cha hakimu miaka thelathini na moja. Sikunywa chai kwa jirani hata siku moja, maana kesho yake jirani angeweza kusimama mbele yangu. Harusini mke wangu alikwenda peke yake, akirudi ananionyesha pale sebuleni walivyocheza. Kila nilichotamka kilimfunga mtu au kilimwachia, na jioni nakipima tena kichwani, nimekosea, sijakosea. Sasa huyu mkwe wangu amenipa nchi nzima ambayo nikikosea hakuna anayekwenda jela. Nimemtia mtu hatiani kwa ajili ya kofia. Unajua raha yake?"

Nikamwambia naanza kuijua.

"Na binti yako, baba?"

"Nilimuuza mimi. Nilijua ni yeye. Ananipima kama anapima upepo wa tairi, akishapata namba anaondoka. Nilitaka aulize kitu kingine." Akakohoa. "Nimempigia leo asubuhi. Nimekiri kosa."

"Akasemaje?"

"Aliniuliza, walinitolea nini? Nikamwambia farasi mmoja na pipa la samaki. Akasema, baba, samaki? Nikamwambia pipa lilikuwa kubwa. Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, akawa analia humohumo, tukakaa kwenye simu mpaka zamu yake ikaanza."

"Mwalimu anajua?"

"Hajui. Naona haya. Mtu wa umri wangu kujifanya nimekoroma." Hapo sauti yake ikashuka. "Mwandikie wewe. Anakusoma kila Jumapili, najua kwa sababu gazeti langu huwa linarudi limekunjwa ukurasa wako."

Basi nimekuandikia, kwa ruhusa yake. Humtaji mtu, ameshajitaja.

Sasa fanya hivi, wala usinijibu kwamba utaona. Leo hii mpigie mumeo simu huko anakopima, mwambie ukweli wote, kuanzia mbuzi mpaka maharamia, na umwombe radhi kwa ule mtandao wako. Mpe nafasi ya kucheka, naye ni mtu. Ukimaliza, ingia jikoni, shusha sufuria zako zote uziweke mkono wako unapofika, na hicho kigoda kipeleke shuleni watoto wakikalie. Jumamosi wifi akija, mpokee, mwambie kwa mdomo wako na mchana kweupe kwamba ulikosea kumwandika pale, na kwamba vyombo vyako unavipenda vikikaa chini. Yote mawili kwa pamoja, usimpe radhi ukaficha sufuria. Utaona paa halianguki.

Mashine haiendi popote, na mzee haendi popote.

Presha ikishapimwa, panga viti vitatu mbele ya tivii na umkabidhi wifi yako rimoti. Mwonyeshe vitufe, kisha kaa na mikono yako, usimchagulie. Atafika mahali pa kumpa mwenzake jina, na jina atakaloandika ni lako, mimi nakuambia mapema. Usilie, usieleze. Mkifika bandarini, kaa utulie, uuzwe.